Namna ya Kuupima Uwindaji Kabla ya Kukubali Mwaliko au Kununua Nyamapori

Ifikapo Julai, msimu wa uwindaji unapofunguliwa, mkazi wa Dar es Salaam hukutana na uwindaji kwa njia mojawapo kati ya mbili. Wachache hupata mwaliko: rafiki mwenye bunduki na leseni anatafuta wenzake wa kuchangia mafuta ya gari na kukaa naye porini siku tatu au nne. Wengi zaidi hukutana nao katika umbo la kitoweo, pale mgeni anapowasili kutoka Rufiji, Kilwa au Morogoro na pande la nyama nyeusi iliyokaushwa, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba hii si ya ng'ombe. Katika hali zote mbili mtu hutakiwa kuamua upesi, tena mbele ya watu anaowaheshimu, na kwa hiyo ni vyema awe amekwisha kulifikiria jambo lenyewe kabla ya siku hiyo. Mimi nimewinda kwa leseni, na nyamapori nimeila tangu utotoni nikiwa kwa mjomba wangu Utete, wala siamini kwamba kila anayeua mnyama ametenda uovu. Ninachoamini ni kwamba leseni hujibu swali moja tu, lile la Serikali, na yapo maswali mengine ambayo hakuna ofisi itakayokuuliza.

Sheria ndiyo ya kuanzia, na haichukui muda mrefu kuielewa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, inawahesabu wanyamapori kuwa mali ya umma, na kwa hiyo pembe, ngozi na hata kipande cha nyama kinachotosha sufuria moja ni nyara za Serikali mpaka aliyenacho aoneshe karatasi inayompa haki ya kuwa nacho. Twiga, mnyama wa taifa, hawindwi. Mitego ya waya, sumu, mashimo, moto wa kuwazingira wanyama, kumulika usiku na kupiga risasi kutoka ndani ya gari ni marufuku, na vivyo hivyo kumpiga jike mwenye mimba au mwenye mtoto ubavuni. Kabla ya kumkubalia anayekualika, ulizia katika ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, yaani TAWA, kama uwindaji wa wenyeji umefunguliwa mwaka huo, katika eneo gani, na kwa wanyama wa aina gani, kwa sababu mambo haya hubadilika na maelezo ya aliyekwenda mwaka juzi hayakusaidii. Omba kuiona leseni yenyewe na jina lililoandikwa juu yake. Mwenyeji wako akikuambia kwamba mengine yatamalizwa huko huko porini, baki nyumbani.

Nyama inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayowagusa watu wengi na ndiyo inayodhaniwa kuwa jambo dogo. Tangu kanuni za mwaka 2020 zilipotungwa, nyamapori inaweza kuuzwa kihalali katika mabucha yaliyopewa leseni, hivyo anayeitamani hana sababu ya kuinunua gizani. Ukifika buchani, tazama kama leseni imetundikwa mahali panapoonekana, kisha uliza ni mnyama gani, alitoka pori lipi, na aliwindwa na nani. Dai risiti inayotaja aina ya mnyama na uzito wa nyama, uitunze mpaka kipande cha mwisho kiishe. Muuzaji aliye halali hachukizwi na maswali hayo. Yeye mwenyewe amekwisha kuulizwa makali zaidi na askari wa wanyamapori. Anayekujibu kwamba nyama ni nyama, wewe kula tu, amekwisha kukueleza unachohitaji kujua.

Kuhusu nyama isiyo na risiti, jaribu kuwaza namna mnyama yule alivyokufa. Mara nyingi ni mtego wa waya. Waya huo huweza kutolewa kwenye tairi bovu lililochomwa moto, hufungwa kitanzi na kuning'inizwa kwenye kijia ambacho wanyama hupita kwenda majini. Hauna jicho. Uliokusudiwa swala humnasa pia simba shingoni, au ndama wa tembo mguuni, au kuukata mkonga wake, na yeyote aliyenaswa huvuta, na kadiri anavyovuta ndivyo kitanzi kinavyozama ndani ya nyama. Mtegaji akirudi asubuhi, mnyama amehangaika usiku kucha. Akirudi baada ya siku tatu, amehangaika siku mbili na ya tatu ameoza, na wa kutegwa tena atatafutwa mwingine. Serengeti kumekuwa na kikosi maalumu cha kutegua nyaya hizo tangu mwaka 2017, nacho kimekusanya maelfu kwa maelfu. Msomaji Mwislamu hahitaji hata kuingia katika mjadala wa maumivu: aya ya tatu ya Surat Al-Maida inamtaja kwa jina mnyama aliyekufa kwa kunyongwa miongoni mwa walioharamishwa, na kitanzi cha waya hufanya kazi hiyo hiyo. Nyama hiyo ni mzoga, hata ikiungwa kwa nazi na kukaangwa kwa vitunguu.

Kuna pia suala la afya. Mnyama aliyekutwa amekufa porini huenda aliuawa na kimeta, na vijidudu vya kimeta havifi kwa kuanikwa juani. Nyama isiyopitia mikononi mwa mkaguzi haina wa kukueleza historia yake.

Lakini lililo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni nafasi ya mji wenyewe. Kijana wa kijijini anayetafuta kitoweo cha nyumbani hushiba kwa mnyama mmoja na kupumzika. Anapojua kwamba kuna mtu Tegeta au Mbagala atakayelipa fedha taslimu kwa kila kilo, hana tena sababu ya kupumzika, na mitego mitano huwa hamsini. Akikamatwa, ni yeye anayefikishwa mahakamani, ambako adhabu ya nyara huweza kufika kifungo cha miaka 20 au zaidi, wakati mlaji aliyemtuma kwa fedha zake anaendelea na maisha yake mjini. Mimi siwezi kumwita huyo kijana jangili halafu mlaji nikamwita mteja.

Anayeileta nyama hiyo mara nyingi ni ndugu, na amekuja nayo kwa mapenzi, na hapo ndipo wengi hushindwa. Usimkaripie wala usimhutubie. Mwambie, "Shangazi, nashukuru sana kwa kunikumbuka, lakini hii sitaweza kuipokea, nina hofu juu yako njiani kuliko juu yangu." Kisha mpe heshima yake kwa njia nyingine, nauli ya kurudia au kilo chache za sukari, ili asione kwamba mkono wake umerudishwa mtupu. Usiilipe nyama yenyewe, hata kwa huruma, maana malipo ya huruma huko kijijini huhesabika kuwa soko.

Sasa nije kwa aliyealikwa kwenda mwenyewe. Swali la kwanza la kujiuliza ni mnyama huyu anauawa kwa ajili ya nini, na jibu liwe la kweli. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi huwinda kwa upinde na mshale ili wale, na hakuna mwenye busara atakayewafundisha maadili. Mkulima wa Liwale ambaye tembo wamemaliza shamba lake la mahindi usiku mmoja ana hoja yake, ingawa njia halali kwake ni kuwaita askari. Mkazi wa Dar es Salaam hana hoja hizo. Kilomita chache kutoka kwake iko machinjio ya Vingunguti, na nyama ya ng'ombe iko kila mtaa. Kwa hiyo, hata akisema anakwenda kutafuta kitoweo, sehemu ya safari yake ni starehe, nayo anapaswa kuikiri. Sisemi kwamba starehe hiyo ni haramu. Kutembea katika misitu ya miombo alfajiri ukisoma nyayo ni elimu, na swala aliyeishi huru mpaka dakika yake ya mwisho hakuteseka kama kuku anayekuzwa ndani ya banda asiloweza kugeukia. Hata hivyo, mafundisho ya Kiislamu yanakataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kujifurahisha, na mzee yeyote wa pwani, awe wa dini gani, atakuambia vivyo hivyo. Kipimo ninachokipendekeza ni rahisi: kama ungeambiwa kwamba hutapiga picha na mnyama huyo, hutahifadhi pembe zake, wala hutamsimulia mtu, ila utakula nyama yake yote pamoja na wenzako, je, bado ungekwenda? Anayesita kujibu bado hajawa tayari kwenda.

Uwindaji wa kitalii, ambao mtu hulipa fedha nyingi ili achukue pembe au ngozi, huwagawa watu wenye nia njema, na mwenye kutaka kuupima sharti akubali kwamba historia haimpi jibu la mkato. Tanzania ilisimamisha uwindaji wote kati ya mwaka 1973 na 1978, kisha ikaufungua tena. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977 na haikuufungua, lakini katika miongo minne iliyofuata ilipoteza zaidi ya nusu ya wanyamapori wake, kwa sababu mashamba, uzio na mifugo havikungoja bunduki. Upande wetu, Pori la Akiba la Selous lilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 1976, na hesabu ya mwaka 2013 ikakuta wapatao 13,000 tu, ingawa vitalu vya uwindaji, yaani maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya wawindaji, vilikuwa vikitumika tangu marufuku ilipoondolewa. Marufuku peke yake haikuwaokoa wanyama wa Kenya, na vitalu peke yake havikuwaokoa tembo wa Selous, kwa kuwa majangili walikuwa na wanunuzi, na meno yalipita katika mji huu huu. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu iliwahukumu wafanyabiashara wa meno ya tembo kifungo cha miaka 15, nao hawakuwa wakiishi vichakani.

Kwa hiyo ukiulizwa kama kitalu fulani kinastahili kuungwa mkono, usijibu kwa msimamo wa jumla. Uliza fedha zinafika wapi. Kijiji kilichotenga ardhi yake kupitia Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori kinapaswa kuweza kukuonesha darasa, kisima au mishahara ya askari wake wa kijiji. Uliza mgao wa wanyama umetokana na hesabu ipi. Kisha uliza umri wa mnyama, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo elimu imetusaidia kuliko popote.

Simba dume anayelinda familia akiuawa akiwa kijana, madume mageni huingia na kuwaua watoto wake ili majike wapate joto mapema. Risasi moja, basi, huweza kuwaua simba wengine ambao mwindaji hakuwaona kabisa. Watafiti waliowafuatilia simba wa Serengeti walionesha mwaka 2004 kwamba madume wakiachwa mpaka wapite umri wa miaka mitano au sita, wakawa wamekwisha kulea, madhara kwa kundi huwa madogo sana, na wakaonesha pia kwamba umri husomeka puani: pua ya simba mchanga ni ya waridi, nayo hujaa madoa meusi mwaka hadi mwaka. Kanuni zetu zikafuata, zikaweka miaka sita kuwa umri unaotakiwa. Kwa hiyo mwindaji anaweza kushika darubini na kungoja dume ageuze uso. Asiyeweza kungoja hana sababu ya kumpiga simba.

Kuna mahali ambapo umri peke yake hautoshi. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, madume ya tembo yenye meno makubwa, kutoka katika jamii ya tembo wa Amboseli, nchini Kenya, ambao watafiti wamewafuatilia mmoja mmoja tangu mwaka 1972, yaliwindwa upande wetu wa mpaka, Enduimet. Wapo wanaotetea kwamba vibali vilikuwapo. Nakubali kwamba mpaka ni mpaka. Lakini tembo aliyezoeshwa kwa miaka mingi kuliona gari bila kukimbia hana nafasi ya kujiokoa, na dume lililokomaa namna hiyo ndilo linalopendwa zaidi na majike na ndilo linalowatuliza madume vijana. Kulipiga ni kutumia imani yake dhidi yake. Ningekuwa mimi niliyeshika kalamu, nisingetia sahihi.

Turudi kwa mwindaji wa kawaida mwenye leseni ya swala pala au kongoni. Deni lake kubwa kwa mnyama ni kifo cha haraka, na deni hilo hulipwa mjini kabla ya safari, katika uwanja wa shabaha, kwa bunduki ile ile atakayokwenda nayo. Asiyeweza kutia risasi tatu mfululizo ndani ya duara la sahani ya chai akiwa umbali wa mita mia moja asimlenge mnyama umbali huo. Bunduki ilingane na mnyama: nyati hapigwi kwa kaliba iliyo chini ya .375, na bunduki ya marisau haifai kabisa kwa mnyama mwenye kimo cha swala, kwa kuwa humtoboa bila kumwangusha. Ngoja asimame ubavu, ulenge nyuma ya mkono wa mbele, sehemu ya chini ya kifua ambako moyo na mapafu vimekaa. Usipige mnyama anayekimbia. Usipige kundi lililosongamana, kwa maana risasi hupita. Usipige jua likiwa limebakisha nusu saa kuzama.

Hilo la mwisho nililijua, na nikalivunja. Ilikuwa jioni ya siku ya tatu katika miombo ya Kilwa, leseni yangu ilikuwa na kongoni mmoja ambaye bado sikumpata, na wenzangu walikuwa wamekwisha kufunga mizigo. Akatokea akiwa amesimama mshazari, mwanga umekuwa wa rangi ya majivu, nami nikapiga. Aliruka, akaburuza mguu, akaingia kichakani. Tulifuata damu mpaka tukashindwa kuitofautisha na majani makavu. Alfajiri tulirudi tukaendelea kwa saa tano, tukapoteza alama kwenye jabali. Wahenga husema msasi haogopi miiba, nasi miiba hatukuiogopa asubuhi ile; lakini tulichopaswa kukiogopa ni ile jioni, na hofu hiyo ndiyo ninayoitafuta sasa kwa kila kijana anayeniomba niandamane naye. Namwuliza ni mara ngapi amewahi kushusha bunduki bila kupiga. Akinitajia moja tu, kwa maelezo ya kueleweka, namwamini kuliko anayenionesha picha kumi.

Mnyama akijeruhiwa, kumfuata ni wajibu unaotangulia chakula, usingizi na ratiba ya gari. Kaa kimya kwa dakika ishirini au thelathini kabla ya kuanza, ili alale badala ya kukimbia; weka alama mahali aliposimama na mahali pa damu ya kwanza; mtangulize msoma nyayo, nawe nyuma yake, bunduki ikielekea pembeni. Nyati aliyejeruhiwa asiachwe kwa hali yoyote, kwa kuwa atakayekutana naye kesho ni mama anayechanja kuni. Ukishindwa kumpata, nenda ukatoe taarifa kwa askari na katika kijiji kilicho karibu, ukiwa wewe mwenyewe, wala usimtume mtu.

Wenyeji hao hawapaswi kukumbukwa siku ya msiba tu. Wao ndio wanaokesha wakipiga madebe shambani, na Serikali huwapa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyefiwa, majina ambayo yenyewe yanakiri kwamba si fidia. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza, iliyolenga majangili, ilisitishwa kwa sababu ya mateso waliyofanyiwa wananchi, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Anayetoka Dar es Salaam na gari kubwa na bunduki akapita katika vijiji hivyo bila kusalimu, akaua, akaondoka na nyama yote, anaongeza chumvi kwenye kidonda hicho. Ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji unapoingia. Msoma nyayo mlipe mlichokubaliana, hata kama hamkupata kitu. Nyama igawanywe hapo hapo kwa namna ambayo wenyeji wenyewe wamezoea, nawe uondoke na sehemu ambayo leseni yako inakuruhusu kusafirisha, pamoja na karatasi zake.

Kinachobaki ni kujaza kumbukumbu za uwindaji na kuzirudisha kwa wakati. Andika aina, jinsia, tarehe na mahali, na umwandike pia uliyemjeruhi usimpate, kwa sababu mgao wa mwaka ujao hukadiriwa kutokana na hesabu hizo, na mnyama aliyeoza kichakani amepungua porini sawa na aliyeliwa. Yule kongoni wangu niliwaomba wamwandike kuwa amewindwa, leseni ikafungwa, nami nikarudi Dar es Salaam bila nyama.